Nimeajiri meneja mkuu, sasa anataka nipunguze kuingia kiwandani. Nipunguze kiasi gani?

BabaSalma_Moro

Wakuu, habari zenu. Nina kiwanda cha mikate hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Nilianza 2013 na oveni moja ya mkaa niliyochongesha kwa fundi, tukiwa mimi, mke wangu na kijana mmoja wa kukanda. Leo tuna wafanyakazi 64, oveni mbili kubwa za dizeli, kirikuu tano za kusambazia na maduka mawili ya kwetu, moja likiwa jirani na stendi ya Msamvu. Mikate inafika Dumila, Mikumi na Kilosa. Mwakani tunataka kufungua kiwanda kidogo Ifakara.

Mwaka jana, wakati benki inatupa mkopo wa oveni ya pili, afisa mikopo aliniuliza: "Ukiugua wiki mbili, nani anaendesha?" Sikuwa na jibu. Ndipo nikaajiri meneja mkuu. Ni mtu wa maana, katokea kampuni kubwa ya vinywaji Dar. Tangu aje mengi yamenyooka. Mishahara inatoka tarehe ileile, michango ya NSSF inakwenda kwa wakati, na mafuta ya magari hayapotei kama zamani. Sina ugomvi naye hata kidogo.

Sasa tatizo. Mimi bado naingia saa tisa usiku, magari yanapopakia. Nakata mkate wa kwanza, naubonyeza, naunusa. Nikiona haujaumuka vizuri namwambia fundi wa oveni asubiri kidogo. Madereva wananipa habari za njiani, duka gani linalalamika, nani kahamia kwa mshindani. Wiki iliyopita meneja akanifuata kistaarabu kabisa. "Mzee, ukishaongea nao usiku, mimi asubuhi nikiingia sina la kusema. Wananiona karani wako." Anaomba nije mara mbili kwa wiki, mchana, tukae ofisini na ripoti. Pia anataka nitoke kwenye kundi la WhatsApp la uzalishaji.

Mke wangu yuko upande wake. Kaka yangu anasema huo ndio mwanzo wa kuporwa kampuni, na nikitoka kwenye kundi leo, kesho natolewa kwenye akaunti ya benki.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba ripoti zake ni nzuri. Mfuko wa ngano wa kilo 50 mimi nilikuwa natoa mikate 180 hadi 185 ya gramu 400. Siku hizi ripoti inasoma 196. Mauzo yamepanda. Ila mikate inayorudishwa nayo imepanda, na mama mmoja mwenye genge Mazimbu kaniambia, "Mkate wenu wa siku hizi haushibishi watoto." Labda ni maneno ya mteja tu.

Naomba ushauri kwa waliopita hapa. Kampuni ikikua, mwenye kuianzisha akae karibu kiasi gani?

Kodi_na_Kahawa

Mkuu, usitoke! Mimi niko kwenye kampuni ndogo ya programu za simu hapa Dar na hili tunalijadili kila siku. Angalia Airbnb, ile kampuni ya kupangishia wasafiri nyumba. Mwaka 2020 korona ilipoua safari walipunguza watu karibu 1,900, robo nzima ya kampuni, na mwanzilishi wake, Brian Chesky, akaacha mtindo wa kuwaachia wakuu wa idara kila kitu. Akarudi kupitia kazi moja moja mwenyewe. Desemba mwaka huohuo wakaingia soko la hisa. Apple nao walimvua mwanzilishi wao, Steve Jobs, madaraka 1985, akaondoka, wakabaki na Sculley, meneja waliyemtoa Pepsi. 1997 wakamrudisha kampuni ikiwa hoi. Hata Schultz aliyeanzisha maduka ya kahawa ya Starbucks ilibidi arudi 2008 kuiokoa.

Mameneja wa kuajiriwa wanajua kutengeneza ripoti. Mkate unaujua wewe. Ningekuwa wewe, kwenye hilo kundi la WhatsApp ningeandika mara mbili zaidi.

Mpigadebe_Mstaafu

Swali dogo tu kwa Baba Salma: kaka yako ana hisa ngapi kwenye kampuni?

Mama_Leja

Baba Salma mwanangu, nimesoma mara mbili. Mjukuu wangu yuko chuo cha SUA hapo Morogoro, huenda mkate wako ndio anaonywea chai, kwa hiyo jambo hili linanihusu.

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Kabla sijastaafu nikarudi Tanga, nilikuwa mhasibu, halafu meneja mkuu, kwenye kampuni za watu waliozianzisha kwa mikono yao. Sabuni, malori, mwishoni magodoro. Nitakueleza huyo meneja wako anaona nini asichoweza kukwambia usoni.

Kwenye sabuni tulikuwa na mteja wa jumla Kariakoo, anachukua mali kauli. Deni likafika milioni 38, halipi, kila siku ana hadithi mpya. Nikaandika barua kwamba hakuna katoni inayotoka kwake mpaka alete nusu. Kijana wa stoo akaibandika ukutani, pembeni ya mlango. Yule mteja hakuja kwangu. Ijumaa alikwenda kuswali msikiti anaoswali mzee wetu, wakatoka pamoja. Saa nane mchana mzee akaingia getini, gari la mteja likimfuata nyuma. "Mpakilie katoni mia mbili, nimeshaongea naye." Kijana wa stoo akainua macho kwenye dirisha la ofisi yangu, akaitazama ile barua, kisha akaenda kupakia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Anayelipa mshahara kasema.

Mzee yule alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Aliona anamsaidia rafiki wa siku nyingi, aliyempa oda wakati hakuna aliyeijua sabuni yake. Lakini kuanzia hapo kila mteja aliyebanwa na ofisi alitafuta namba ya mzee. Wafanyakazi nao hivyohivyo, mmoja advansi, mwingine likizo, mwingine kahamishwa zamu hakutaka. Mwisho wa mwezi nakaa na vitabu, nauliza hela hii ilitokaje, najibiwa "mzee kasema". Hiyo ndiyo ilikuwa hati ya malipo.

Kwa hiyo hesabu ya mara ngapi kwa wiki achana nayo. Nimefanya kazi na mwenye mali aliyekuja kila siku na tukaelewana vizuri, na nimefanya na mwingine aliyekuja mara moja kwa mwezi akavuruga mambo kwa saa moja. Jiulize ni mambo gani ukifungua mdomo inakuwa amri, na ni yapi hata ukiongea ni maoni ya mzee tu. Hayo lazima yajulikane na watu wote 64, hadi mlinzi wa getini.

Mkate wenyewe ni wako. Namaanisha uzito wake, mchanganyiko, ngano ya kinu gani, bei, jina lililo kwenye mfuko. Kwenda au kutokwenda Ifakara ni juu yako. Mikopo yote ni yako. Kuajiri na kuachisha wale watu watatu wanne wa juu mnafanya pamoja, ila neno la mwisho liwe lako. Mengine ni yake. Zamu, adhabu, ruhusa, ununuzi wa kawaida, dereva gani aende Kilosa. Akikosea kwenye hayo mwambie mkiwa wawili, mlango umefungwa. Na kuna siku utamwona anakosea, kosa lenyewe dogo, na utanyamaza mpaka ajionee mwenyewe. Hilo ndilo gumu kuliko yote kwa ninyi mlioanza na oveni ya mkaa.

Saa tisa usiku nenda kama moyo unataka, kiwanda ni chako. Kata mkate, nusa, wasalimie. Ila ukiona haujaumuka, umwone msimamizi wa zamu, usiende kwa fundi wa oveni. Msimamizi ndiye amwambie fundi, na asubuhi meneja akute imeandikwa kwenye daftari la zamu. Isipokuwa kitu cha hatari. Waya unatoa cheche, mtu anaingiza mkono kwenye mashine ya kukandia inayozunguka, mkate mbichi unapakiwa. Hapo piga kelele bila kuomba ruhusa kwa mtu, kisha mpigie meneja muda huohuo, hata kama amelala.

Kundi la WhatsApp usitoke. Baki humo ukisoma. Lakini usiandike chochote, hata kile kidole gumba usiweke. Kidole gumba cha mwenye kampuni ni amri.

Kijana wa Kodi na Kahawa, nakuheshimu, lakini Schultz hakuianzisha Starbucks. Ilianzishwa Seattle 1971 na watu watatu, yeye akaajiriwa 1982, akaja kuinunua 1987. Hata hivyo mfano wako ni mzuri, umeusimulia nusu tu. Aliachia utendaji mwaka 2000 akabaki mwenyekiti. Mwaka 2007 akawaandikia wakuu wenzake waraka wa kulalamika. Mashine mpya za kahawa ni ndefu mno, mteja hamwoni anayemtengenezea, na kahawa inayokuja kwenye mifuko iliyofungwa kabisa imeondoa harufu dukani. Mwenyekiti mzima anahangaika na harufu! Aliporudi kwenye utendaji Januari 2008, mwezi uliofuata walifunga maduka yao kama 7,100 ya Marekani kwa saa chache za jioni, wahudumu wafundishwe upya kutengeneza espresso. Ona alishika nini. Alishika kikombe, kile ambacho mteja anakionja. Na huyo Chesky wako nadhani ana watu wa kuandika kila alichosema kwenye kikao na kukifikisha kwa anayehusika. Baba Salma anasema neno saa tisa usiku kando ya kirikuu na hakuna anayeliandika.

Sasa nije kwenye ripoti. Hiyo 196 imenikosesha raha kuliko habari zote ulizoandika. Chukua kalamu. Ngano kilo 50. Maji tuseme kilo 29. Sukari, mafuta, hamira na chumvi, weka kilo tano. Donge zima linakuwa kilo 84. Mkate wa gramu 400 unataka donge la gramu 450 hivi, kwa sababu oveni inakausha maji. Gawanya, unapata 186. Ndiyo namba yako ya zamani, na ilikuwa namba ya haki. Ili mfuko uleule utoe 196, ama wameongeza zaidi ya kilo nne za maji, ama donge limeshuka hadi gramu 428 na mkate unatoka na gramu 380 tu.

Maji yakizidi mkate unaota ukungu mapema, kwa hiyo unarudi. Uzito ukipungua, watoto wa Mazimbu hawashibi. Yule mama wa genge anaweza kuwa kakupa ripoti bora kuliko ya ofisini. Nunua mikate kumi madukani, siyo kiwandani, uipime. Fanya hivyo kabla Wakala wa Vipimo hawajapita, maana mfuko wa mkate umeandikwa gramu 400 na watakayemtafuta ni mwenye kampuni.

Njoro_Kwetu

Salamu kutoka Nakuru, Kenya. Huyo mama amemaliza, nami naongeza upande wa familia, kwa sababu naona ndugu yako tayari ameingia ndani ya hadithi.

Hapa kwetu watu wengi ukiwauliza nani alianzisha benki ya Equity watakwambia James Mwangi. Sivyo. Ni Peter Munga, mwaka 1984, ikiwa shirika dogo la akiba na mikopo ya nyumba. Kufikia 1993 kwa hesabu za Benki Kuu lilikuwa limefilisika, zaidi ya nusu ya mikopo hailipwi. Mwangi aliletwa miaka hiyo ya tisini kushughulikia fedha. 2004 ikawa benki kamili, 2006 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Munga aliendelea kuwa mwenyekiti wa bodi hadi 2018. Piga picha hiyo: mtu ameanzisha kitu, kikakua hadi wananchi wanadhani ni cha mwajiriwa wake, na yeye ametulia kwenye kiti cha bodi miaka yote hiyo. Si kila mtu ana kifua cha namna hiyo. Mimi sina.

Halafu kuna maduka ya Tuskys. Ilitoka hapa Rongai, karibu na kwetu. Mzee Joram Kamau alifariki 2002, duka likabaki kwa watoto, likakua likawa miongoni mwa maduka makubwa kabisa nchini. Baadaye ndugu wakapelekana kortini kwa sababu ya pesa na usimamizi, na kufikia 2021 matawi mengi yalikuwa yamefungwa. Wasambazaji walilia. Naivas nayo chimbuko lake ni Rongai hiyohiyo, 1990, na familia ilikuwa na kesi zake pia. Lakini 2020 waliuza asilimia 30 kwa wawekezaji kutoka nje, wakakubali watu wasio wa ukoo waketi mezani na kuuliza maswali. Leo inaendelea kufungua matawi.

Kwa hivyo bwana Baba Salma, mimi nisingemwogopa meneja sana. Meneja ana mkataba, ukitaka aondoke unampa notisi. Ndugu humpi notisi.

BabaSalma_Moro

Shikamoo Mama Leja. Wengine wote nawashukuru sana, nimesoma kila jibu. Narudi na mrejesho.

Nilinunua mikate kumi, mitano Mazimbu na mitano pale stendi, kwa kumtuma mtoto wa jirani ili wasijue ni ya nani. Nimepima kwenye mizani ya dukani kwetu iliyohakikiwa. Mitatu imefika gramu 395 na kidogo. Saba iko kati ya 378 na 386.

Nilimwita meneja ofisini, nikaweka mizani mezani na ile mikate, nikamwachia apime mwenyewe. Alipima wa kwanza, wa pili, wa tatu, akakaa chini. Hakubisha. Akaniambia mwezi wa tano aliwawekea zamu zote lengo la mikate kwa mfuko, na bonasi ya elfu ishirini kwa kila mtu kwenye zamu itakayoongoza mwezi mzima. Alitaka kupunguza unga unaomwagika chini na madonge yanayotupwa. Tukamwita msimamizi wa zamu ya usiku. Huyu akasema bila hata kuzungushazungusha kwamba fundi aliigusa mashine ya kukatia madonge, "kidogo tu", na zamu nyingine ilipoona imeachwa nyuma nayo ikaigusa. Maji hawakuongeza. Mikate iliyorudi ni wateja tu wamekataa.

Hakuna aliyeiba. Ndiyo inanichanganya. Meneja alikuwa na nia njema, vijana walifuata lengo walilopewa, na mimi nilikuwa palepale.

Mama, sasa nifanyeje? Nafsi inaniambia nirudi usiku kila siku na mizani mkononi.

Kodi_na_Kahawa

Kuhusu Schultz nimekubali, asante mama. Lakini si mnaona? Mwanzilishi asingekuwa karibu, jambo hili lingefika mwaka mzima.

Mama_Leja

Marahaba mwanangu.

Kijana, soma tena alichoandika. Baba Salma alikuwa kiwandani kila usiku, tangu mwezi wa tano. Alikata mkate, akaubonyeza, akaunusa, na gramu ishirini zikapita mbele yake. Pua inajua kuumuka na kuungua, haijui gramu ishirini. Aliyegundua ni mama wa genge, pamoja na namba ambayo meneja mwenyewe aliiandika kwenye ripoti wala hakuificha. Mimi niko Tanga na sijawahi kukanyaga Kihonda.

Kwa hiyo, Baba Salma, usirudi na mizani mkononi kila usiku. Ukishafanya hivyo msimamizi wa zamu hatapima tena, kwa nini ajisumbue wakati mzee anapima? Uzito wa donge uandikwe kwenye karatasi yenye sahihi yako, ubandikwe kwenye mashine. Kila nusu saa msimamizi apime madonge matano, aandike kwenye daftari. Meneja alikague daftari kila siku. Wewe mara moja kwa wiki tuma mtu anunue mikate mtaani kama ulivyofanya, kila wiki mtaa mwingine, na majibu yapeleke kwa meneja.

Na hili ndilo somo la kumpa yeye, kwa upole: bonasi yoyote inayogusa mkate ipite kwako kabla haijatangazwa. Yeye anajua kuendesha watu wafikie lengo, na kwenye chupa za soda mashine inajaza kipimo kilekile. Kwenye mkate kuna mkono wa fundi. Wewe unajua mkono huo unaweza kufanya nini, maana ulikuwa wako. Unga unaomwagika bado ni hasara ya kweli, kwa hiyo bonasi asiifute. Apime unga uliofagiwa na madonge yaliyotupwa moja kwa moja, zamu yenye takataka kidogo ipate elfu ishirini zake.

Usimfukuze. Mtu anayepima mkate wa kwanza hadi wa tatu kisha akakaa chini bila kubisha, huyo anafundishika. Nimewaona wanaobisha hadi mizani inaharibika.

Kuhusu benki, ambako kaka yako anaogopea. Malipo ya kwenye mtandao yawe na watu wawili, mhasibu anaingiza, mwingine anaidhinisha. Hadi milioni mbili aidhinishe meneja peke yake. Juu ya hapo hadi milioni ishirini, meneja na wewe. Zaidi ya ishirini, au mkopo wowote hata wa milioni moja, kikao cha wakurugenzi na muhtasari uliosainiwa. Nadhani kule BRELA, kampuni zinakosajiliwa, wakurugenzi ni wewe na mama Salma. Viwango hivyo nimekadiria kwa ukubwa wa kiwanda chako, mnaweza kuvibadilisha. Ila viandikwe, na nakala ipelekwe benki, ili siku mmoja wenu akikasirika pasiwe na la kubishania.

Na ripoti yake ya kila siku iwe fupi. Mifuko iliyotumika, mikate iliyotoka, mikate iliyorudi na sababu yake, fedha iliyoingia, madeni ya madukani. Ikizidi ukurasa mmoja utaanza kuiruka.

Mpigadebe_Mstaafu

Swali langu la juu halijajibiwa. Kaka ana hisa ngapi?

BabaSalma_Moro

Mama, nimeandika yote na jioni nakaa na meneja. Nimeshamwambia kwenye kundi nabaki lakini kimya, akacheka, akasema tuone.

Mpigadebe, kaka hana hisa hata moja. Ana kirikuu ambayo tunamkodi kwa mwezi, ile ya njia ya Mikumi. Na mkataba wake, sasa naona, ni mmoja wa ile ambayo meneja aliomba ipitiwe upya.

Mpigadebe_Mstaafu

😂😂 Nilijua.

Mama_Leja

Basi mkataba huo usiuguse wewe. Mwache meneja akae na kaka yako wauzungumze kwa bei ya soko, na siku hiyo wewe uwe Ifakara unatazama kiwanja, simu iwe na mama Salma.